Metali Nzito: Kutoka Udongoni Hadi Kwenye Mchicha

Mtu atokaye katikati ya jiji la Dar es Salaam kwenda Kunduchi huvuka mabonde kadhaa. Kwanza huvuka Mto Msimbazi kwenye Daraja la Selander, karibu na mahali mto huo unapoingia baharini. Baadaye, kwenye barabara ya Bagamoyo, huvuka Mlalakuwa na Mbezi. Katika mabonde ya namna hii wakazi wa Kinondoni, Ilala na Temeke wamelima mboga kwa miaka mingi: mchicha, matembele, majani ya maboga, chainizi na bamia. Mchicha huwa tayari kuvunwa katika muda wa wiki tatu au nne tu tangu kupandwa. Kwa mlaji, ni chakula cha bei nafuu. Kwa mkulima, ni fedha ya matumizi ya kila wiki.

Lakini mito hiyo inayomwagilia bustani hupokea pia maji machafu ya viwanda, ya gereji, ya vyoo na ya majalala. Ndiyo maana swali moja huulizwa mara kwa mara: je, sumu iliyomo katika udongo huingia ndani ya mboga? Kujibu "ndiyo" au "hapana" peke yake hakutoshi. Mashamba mawili yanaweza kuwa na kiasi kilekile cha metali ya sumu, na bado mchicha wa shamba moja ukawa na sumu nyingi kuliko wa shamba la pili. Nia ya makala haya ni kueleza sababu ya tofauti hiyo, kwa kufuata safari ya metali kutoka kwenye chembe ya udongo hadi kwenye jani, na kuonyesha ni wapi katika safari hiyo mkulima anaweza kuizuia.

METALI NZITO NI NINI?

Kwa desturi, metali huitwa nzito ikiwa densiti yake inazidi gramu 5 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Densiti ya maji ni gramu 1. Ya zinki ni 7.1, ya kadimiamu 8.6, ya shaba 8.9, ya risasi 11.3, na ya zebaki 13.5.

Kwa upande wa uhai, metali hizi zimegawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la zile ambazo mmea unazihitaji kwa kiasi kidogo, kama zinki, shaba, manganizi na nikeli. Zikikosekana mmea hudhoofika; zikizidi humdhuru. Kundi la pili ni la zile zisizo na kazi ijulikanayo katika mimea ya mazao wala katika mwili wa binadamu, kama risasi, kadimiamu na zebaki.

Jambo moja huyaunganisha makundi yote mawili: metali ni elementi. Dawa nyingi za kuulia wadudu huvunjwavunjwa udongoni na bakteria au na mwanga wa jua. Kadimiamu haivunjiki kuwa kitu kingine. Inaweza kubadili umbo la kikemia, inaweza kuhama, inaweza kufunikwa, lakini haiozi.

ZINAFIKAJE SHAMBANI?

Kila udongo una metali kidogo zilizotokana na mwamba wake wa asili. Nyongeza hutokana na kazi za binadamu. Rangi za zamani, betri, mabati, viwanda vya kupaka metali na viwanda vya ngozi vyote hutoa takataka zenye metali. Mbolea za fosfeti huleta kadimiamu kidogo, kwa kadiri ya mwamba zilikotengenezwa. Maji ya mto uliochafuliwa, yakimwagiliwa kila siku, huacha mzigo wake juu ya tuta.

Risasi ina historia yake. Tangu miaka ya 1920 ilikuwa ikichanganywa katika petroli ya magari ili injini zifanye kazi kwa ulaini. Mwaka 2001, mjini Dakar, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana kuacha petroli hiyo, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 zilikuwa zimeiacha. Algeria, iliyokuwa nchi ya mwisho duniani kuitumia katika magari, iliiacha mwaka 2021. Hata hivyo risasi iliyotoka katika moshi wa miaka yote hiyo ilianguka kando ya barabara, na sehemu kubwa ingali katika sentimita chache za juu za udongo, mahali hasa panapolimwa kwa jembe. Ndivyo ilivyo pia kwa majalala. Jalala la Tabata lilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya wakazi wake kushinda kesi waliyoifungua mwaka 1988 katika Mahakama Kuu. Kufunga jalala huzuia taka mpya. Metali zilizokwisha kuingia ardhini hubaki.

Katika pwani yetu hii upo pia mfano wa Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilieneza risasi katika makazi ya watu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3.

Hapa Dar es Salaam, watafiti wa Chuo Kikuu walichapisha mwaka 1999 matokeo ya uchunguzi wao juu ya mboga za majani zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi. Walipima kadimiamu, shaba, risasi na zinki, na metali hizo zote zilikutwa ndani ya mboga. Kwa hiyo swali letu si la kinadharia. Sasa tuone metali zinapitia wapi.

UDONGO HAUTOI VYOTE ULIVYO NAVYO

Metali iliyomo udongoni hukaa katika hali tatu. Kwanza, ipo iliyofungwa ndani ya chembe za mawe. Hii haitoki kwa urahisi. Pili, ipo iliyonata juu ya uso wa chembe za mfinyanzi, za mboji na za kutu ya chuma, yaani ile inayoupa udongo rangi nyekundu. Tatu, ipo iliyoyeyuka katika maji yaliyomo baina ya chembe za udongo.

Mmea hunywa kutoka katika hali ya tatu tu. Na hiyo kwa kawaida ni sehemu ndogo sana ya metali yote iliyopo. Kwa hiyo mtu akipewa taarifa ya maabara isemayo kuwa udongo fulani una miligramu kadhaa za risasi kwa kila kilo, bado hajajua mmea utapata kiasi gani. Inampasa aulize: kiasi gani kimeyeyuka, na kiasi gani kiko tayari kuyeyuka?

Jambo linaloamua zaidi ni uchachu wa udongo, unaopimwa kwa kipimo cha pH. Udongo wenye pH 7 si asidi wala alkali. Kila hatua moja ya kushuka huzidisha ioni za haidrojeni mara 10. Basi udongo wa pH 5 una ioni hizo mara 100 kuliko udongo wa pH 7. Ioni za haidrojeni zina chaji chanya, kama zilivyo ioni za zinki, kadimiamu na risasi. Chembe za mfinyanzi na mboji zina chaji hasi, nazo huzishika ioni zenye chaji chanya. Haidrojeni ikizidi, huzinyang'anya metali nafasi zao, nazo zikaanguka katika maji ya udongo. Udongo ukiwa na chokaa hali hugeuka: haidrojeni hupungua, metali hunata tena, na nyingine huungana na kaboneti zikawa chumvi zisizoyeyuka kwa urahisi.

Mboji hufanya kazi inayofanana na hiyo. Hushika shaba na risasi kwa nguvu sana, na kadimiamu kwa kiasi chake. Kichanga kitupu hakina kitu cha kuzishikia; metali kidogo tu iliyomwagwa humo huweza kufika kwenye mzizi.

Lazima tahadhari itolewe hapa. Aseniki hufuata kanuni nyingine, kwa kuwa katika udongo hukaa kama ioni yenye chaji hasi, na chokaa inaweza kuilegeza badala ya kuifunga. Tena, maji yakituama shambani hali ya udongo hubadilika kwa kukosa oksijeni. Kadimiamu huungana na salfa na kutulia. Maji yakikauka huachiliwa tena. Kwa hiyo udongo wa bondeni, unaofurika wakati wa masika na kukauka baadaye, hautoi kiasi kilekile mwaka mzima.

MLANGO WA MZIZI

Ioni zilizoyeyuka huufikia mzizi kwa njia mbili. Huchukuliwa na maji yanayovutwa na mmea, au husambaa zenyewe kutoka palipo nyingi kwenda palipo chache. Mzizi nao haungoji tu. Ukipungukiwa na chuma au fosforasi, hutoa asidi kidogo na kemikali nyingine za kuyeyushia virutubisho vilivyokwama. Pamoja na virutubisho hivyo, metali za sumu zilizonata jirani huweza kulegea pia.

Katika tabaka za nje za mzizi, maji na ioni huweza kupita baina ya seli, katika kuta zake, bila kuingia ndani ya seli yenyewe. Lakini katikati ya mzizi ipo pete ya seli zilizozibwa kwa ukanda usiopitisha maji, uitwao ukanda wa Caspary, kwa jina la mwanabotania Mjerumani Robert Caspary wa karne ya 19. Hapo njia ya pembeni hukoma. Ili iendelee, ioni lazima ipite katika utando wa seli hai; na utando huo una milango maalumu ya protini, kila mmoja kwa ajili ya virutubisho fulani.

Mmea hauna mlango uliotengenezwa kwa ajili ya kadimiamu. Tatizo ni kwamba ioni ya kadimiamu inafanana na ioni za zinki, chuma na manganizi: zote zina chaji chanya mbili, na ukubwa wake haupishani sana. Hivyo kadimiamu hupita katika milango ya wenzake. Katika mpunga, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa mlango mkuu inaoutumia ni ule wa manganizi. Hapa tunapata funzo la kilimo: mmea unaokosa zinki au chuma huongeza milango yake, na kwa kufanya hivyo huongeza pia nafasi ya kadimiamu kuingia.

Risasi haina bahati hiyo. Sehemu yake kubwa hunata katika kuta za seli za mzizi, na kidogo tu hupanda juu. Ndiyo maana mmea uliopandwa katika udongo wenye risasi kwa kawaida huwa na risasi nyingi mzizini kuliko kwenye majani.

KUTOKA MZIZINI HADI KWENYE JANI

Ioni zilizovuka ukanda wa Caspary husukumwa katika mirija ipandishayo maji, iitwayo zailemu. Jua linapowaka, majani hutoa mvuke na maji huvutwa kutoka chini. Maji hutoka jani likiwa limeyapokea pamoja na vilivyoyeyuka ndani yake. Mvuke huondoka, metali hubaki. Jani ni mwisho wa safari. Matunda na mbegu hulishwa zaidi kwa mirija mingine, floemu, ambayo huchagua zaidi inachobeba.

Kutokana na hayo tunaweza kuyapanga mazao. Mboga za majani kwa kawaida hukusanya kadimiamu nyingi kuliko zote. Na mchicha umo katika jamii ambayo aina zake kadhaa zimeonekana kuikusanya kwa wingi. Mazao ya mizizi hufuata. Mazao ya matunda, kama bamia, nyanya, biringani na tango, kwa kawaida huwa na kiasi kidogo zaidi. Zipo tofauti baina ya mbegu na mbegu, na mpunga unajulikana kuwa nafaka ya kuangaliwa kwa makini.

Mmea wenyewe hujilindaje? Mwaka 1985 wanasayansi wa Ujerumani Magharibi, Erwin Grill, Ernst-Ludwig Winnacker na Meinhart Zenk, walieleza kuwa mimea hutengeneza minyororo mifupi yenye salfa ambayo huikamata kadimiamu. Kisha hufungiwa ndani ya vakuoli, yaani kijifuko kilichomo katika seli, isiharibu kazi za uhai.

Msomaji azingatie maana ya jambo hili. Ulinzi huo ni wa mmea, si wa mlaji. Zinki au shaba ikizidi sana udongoni, mmea huwa wa manjano, hudumaa, na mara nyingi hufa kabla haujawa hatari kwa binadamu. Mkulima huonywa na shamba lake. Kadimiamu haitoi onyo hilo. Mchicha unaweza kuwa na kadimiamu ya kumdhuru mlaji wa kila siku, nao ukasimama kijani, mpana na laini. Jicho la mkulima, hata awe hodari kiasi gani, haliwezi kuiona.

Tume ya Codex Alimentarius, iliyoundwa na mashirika ya FAO na WHO, imeweka kikomo cha miligramu 0.2 za kadimiamu na miligramu 0.3 za risasi kwa kila kilo ya mboga mbichi ya majani. Wanafunzi wawe waangalifu wasomapo taarifa za utafiti, kwani maabara nyingi hupima mboga iliyokaushwa. Tuseme sehemu 9 kati ya 10 za mchicha ni maji. Kilo moja ya mchicha mbichi itatoa gramu 100 tu zikikaushwa. Basi mchicha mkavu wenye miligramu 3 za risasi kwa kilo ni sawa na mchicha mbichi wenye miligramu 0.3. Asiyejua hesabu hii huweza kupiga kelele bila sababu, au kunyamaza penye hatari.

VUMBI JUU YA JANI

Si metali yote ya kwenye mboga iliyopitia mzizini. Vumbi la barabara, na matope yarushwayo na matone ya mvua, hunata juu ya majani. Kwa risasi njia hii mara nyingi ni kubwa kuliko ile ya mzizi.

Hata wataalamu wamewahi kudanganywa na vumbi. Huko Katanga, kusini mashariki mwa Kongo, hukua mmea mdogo uitwao Haumaniastrum katangense, maarufu kama ua la shaba, kwa kuwa huota kwenye ardhi yenye shaba nyingi. Mimea kadhaa ya huko ilisemekana kuwa na shaba ya ajabu ndani ya majani. Uchunguzi wa baadaye, ambamo majani yalisafishwa vizuri zaidi, ulionyesha kuwa sehemu kubwa ya shaba hiyo ilikuwa vumbi lililonata juu yake.

Basi kuosha mboga kwa maji safi, tena zaidi ya mara moja, kuna faida ya kweli: huondoa vumbi lenye risasi. Lakini kadimiamu iliyofungiwa ndani ya seli haiondoki kwa kuoshwa. Wala moto hauiangamizi, kwani elementi haiungui ikaisha.

FUNZO LA MTO JINZU

Madhara ya kadimiamu kwa chakula yalijulikana kwa gharama kubwa nchini Japani. Katika bonde la Mto Jinzu, mkoa wa Toyama, maji ya mto yaliyochafuliwa na mgodi wa Kamioka yalimwagiliwa katika mashamba ya mpunga kwa miaka mingi. Watu walikula wali wa mashamba hayo, na hasa wanawake wa makamo na wazee wakapata ugonjwa wa figo na wa mifupa iliyovunjika kwa urahisi. Maumivu yalikuwa makali kiasi kwamba ugonjwa uliitwa itai-itai, yaani "unauma, unauma". Mwaka 1968 serikali ya Japani ilikiri rasmi kuwa ugonjwa huo ulitokana na kadimiamu. Kazi ya kuufukia na kuubadili udongo wa mashamba hayo iliendelea hadi mwaka 2012.

Hatusemi kwamba mabonde ya Dar es Salaam yamefikia hali hiyo. Tunachotaka msomaji akione ni mwendo wenyewe wa jambo. Kadimiamu ikiingia katika figo hukaa humo miaka 10 hadi 30 kabla nusu yake haijatoka. Kidogo cha kila siku hujumlika. Na risasi huwadhuru zaidi watoto wadogo, ambao ubongo wao ungali unakua. Hakuna kiwango chake katika damu kijulikanacho kuwa salama.

JE, KUNDUCHI?

Kunduchi inatupa mfano mzuri wa kanuni tulizozieleza. Sehemu kubwa ya pwani hiyo imekaa juu ya mwamba wa chokaa uliotokana na matumbawe ya kale. Ndiyo mawe yachimbwayo Mtongani, na ndiyo mwamba wa kilima cha Wazo ambako saruji imekuwa ikitengenezwa tangu mwaka 1966. Mahali ambapo udongo umechanganyika na chembe za mwamba huo, uchachu hupungua na kadimiamu, zinki na risasi hushikwa. Tukichukua udongo wa namna hiyo na udongo mchachu wa kichanga, tukavitia kiasi kimoja cha kadimiamu, mchicha wa udongo mchachu ndio utakaotarajiwa kuwa na zaidi.

Lakini mkazi wa Kunduchi asijisifu mapema. Karibu na bahari, maji ya visima huweza kuwa na chumvi, na chumvi ina kloridi. Kloridi huungana na kadimiamu na kuifanya iyeyuke na kutembea kwa urahisi zaidi udongoni. Huko Australia, katika miaka ya 1990, ilionekana kuwa viazi vilivyomwagiliwa maji yenye chumvi vilikuwa na kadimiamu nyingi zaidi. Kwa hiyo chokaa inaweza kufunga kile ambacho maji ya chumvi yanakifungua. Ndipo tunaposema kuwa haitoshi kupima udongo peke yake. Maji nayo hayana budi kupimwa.

JARIBIO LA SHULENI

Kanuni hizi zinaweza kuonyeshwa darasani kwa kutumia mrututu, yaani salfeti ya shaba. Mrututu ni sumu: usionjwe, mikono ioshwe, na mabaki yasimwagwe bustanini wala kisimani.

Yeyusha gramu 2 za mrututu katika nusu lita ya maji ya mvua. Utapata maji ya buluu hafifu. Chukua vyombo vitatu vya kioo. Katika cha kwanza tia vijiko vitano vya kichanga cha mtoni kilichooshwa. Katika cha pili tia kiasi hicho hicho cha udongo mweusi wenye mboji nyingi. Katika cha tatu tia unga wa jiwe la chokaa lililotwangwa, la Kunduchi au la pwani yoyote. Mimina mililita 50 za maji ya mrututu katika kila chombo, koroga, uache hadi kesho yake, kisha chuja.

Maji ya kichanga yatabaki na buluu. Ya udongo wa mboji yatakuwa yamepoteza buluu hiyo, pengine yakawa ya kahawia. Ya jiwe la chokaa yatakuwa hayana rangi au yamefifia sana, na unga wenyewe utageuka kuwa wa kijani-buluu. Sasa chota unga huo kidogo, uutie katika neli ya majaribio, na udondoshe asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa. Utatoa mapovu, na rangi ya shaba itarudi majini. Shaba haikuwa imetoweka; ilikuwa imefungwa, na asidi imeifungua. Mwalimu awaulize wanafunzi: yatakuwaje shambani, mkulima akitia chokaa mwaka mmoja kisha akaacha kwa miaka mingi, huku udongo ukizidi kuchacha?

MKULIMA AFANYE NINI?

Kwanza, achunguze maji yake. Maji yatokayo kiwandani, gereji au jalalani yasimwagiliwe mboga. Maji ya mvua yaliyokingwa, au ya kisima kilichopimwa, ni bora zaidi.

Pili, apime uchachu wa udongo. Ukiwa chini ya 6, chokaa itausaidia. Asizidishe: chokaa nyingi huifunga pia zinki na chuma, na mmea unaokosa zinki na chuma, kama tulivyoona, huongeza milango ya kuingilia kadimiamu.

Tatu, atie mboji na samadi iliyooza. Takataka za mji zisitumiwe kabla ya kuchambuliwa, kwani betri, rangi na vipande vya metali vilivyomo hurudisha tatizo shambani.

Nne, achague zao. Penye shaka, bamia, biringani na nyanya ni salama zaidi kuliko mchicha na matembele. Penye uchafuzi mkubwa, apande maua, miti au nyasi za bustani.

Tano, bustani iwe mbali na barabara kuu, na udongo wa matuta ufunikwe kwa majani makavu ili matope yasirukie mboga.

Hatua hizi hupunguza metali iingiayo katika mboga. Haziondoi metali shambani, wala haziwezi kushindana na bomba la maji machafu linaloongeza nyingine kila siku. Mkulima wa bondeni hakuitengeneza kadimiamu iliyomo katika tuta lake. Kumfukuza yeye na kuliacha bomba ni kuhamisha tatizo, si kulitatua. Kuzuia uchafu pale unapoanzia ni wajibu wa mwenye kiwanda, wa mamlaka zinazohusika na wa sheria.

Walimu na wanafunzi nao wana sehemu yao. Shule nyingi za Dar es Salaam zina bustani, na zilizo nyingi ziko karibu na barabara au bonde. Kupima pH ya udongo wa bustani ya shule, kuandika matokeo kila muhula, na kuulizia maji yanatoka wapi, ni kazi inayoweza kufanywa kwa vifaa vichache. Mchicha ni chakula bora, chenye madini na vitamini ambazo watoto wetu wanazihitaji, na hakuna sababu ya kuuogopa. Iliyopo ni sababu ya kujua umeota katika udongo gani, na umenywa maji gani.